Pumzi Haifichwi Shimoni

Kule Keshero, mtaa wa Goma ulio upande wa ziwa, asubuhi inaanza na sauti ya bidoni. Bidoni tupu zinagongana zikiteremka majini. Zikipanda zimejaa, hazisemi kitu. Wanawake wanazibeba mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, anapita akiita. Moshi wa makala, yale makaa ya kupikia, unatoka kwenye nyumba za mbao, na watoto wanaoitwa kuoga wanajificha.

Faida alikuwa mgeni katika mtaa huo. Yeye na bwana yake Twahiru, dereva wa lori, walikuwa na nyumba yao Buhene. Ile jioni ya mwezi wa tano volkano ya Nyiragongo ilipopasuka, moto ulishuka ukapita juu ya nyumba, juu ya cherehani ya Faida, juu ya migomba. Walikimbilia Sake na watu wote. Waliporudi walipanga chumba Keshero. Walimshukuru Mungu kwa jambo moja: mtoto wao Sumaya, wa miaka mitano, alikuwa mzima.

Mwili wa Faida ulishafika Keshero, lakini roho yake ilikuwa bado inakimbia.

Lori likipita na mawe, kifua chake kinabana. Mlango ukigongwa, anaruka. Pumzi inakuwa fupi kama ya kuku aliyefukuzwa. Alikwenda santre ya afya. Wakampima moyo, wakampima presha, wakasema hana ugonjwa wa moyo. Ni hofu iliyoingia ikakosa njia ya kutoka. Walimwambia apumzike. Lakini mtu anapumzikaje na mlima ule unawaka mwekundu juu ya mji kila usiku?

Alasiri moja mvua ilikuja na radi. Radi ilipiga upande wa mlima, ardhi ikanguruma. Faida akanyakua godoro, akatoka, akafunga kufuli kwa nje kama wanavyofunga watu wanaoogopa wezi wa wakati wa kukimbia. Akaenda mbio mpaka barabara kubwa. Pale ndipo alipotazama mikono yake. Ilikuwa imeshika godoro. Haikushika mtoto.

Sumaya alikuwa ndani, nyuma ya kufuli.

Faida na majirani waliporudi kumfungulia, mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa amekaa chini ya meza, amejifunika sufuria kichwani. Twahiru aliporudi safarini, majirani walikuwa wameshamwambia. Hakupiga kelele. Alikula fufu yake, akanawa mikono, ndipo akasema:

"Faida, sikulaumu. Lakini siku ya kukimbia kweli itakuja tena. Hapa Goma tunaijua. Nikirudi safari inayokuja, namupeleka mutoto Kindu, kwa mama yangu. Ukipona, atarudi."

Faida alikusanya sahani. Angejibu nini, na lile godoro liko pale pale mbele yao? Kindu ni mbali. Mtoto anaweza kwenda Kindu mdogo akarudi hamjui mama yake. Tangu siku hiyo hakumwacha Sumaya hata hatua moja, na hofu yake ikazidi, kwa sababu sasa alikuwa anaiogopa hofu yenyewe.

Katika parseli ile ile, kiwanja kimoja chenye nyumba kadhaa, aliishi Mama Perpétue. Alikuwa mjane, mwenye nywele nyeupe na mgongo ulionyooka kama wa msichana. Alikuwa amefanya kazi ya kine miaka mingi, ile ya kunyoosha viungo vya watu waliovunjika au kupooza. Katika kazi hiyo alijuana na muuguzi mmoja wa Kihindi, wa wale waliokuja na askari wa Umoja wa Mataifa. Muuguzi huyo ndiye aliyemfundisha yoga: namna ya kunyoosha mwili polepole na kuongoza pumzi. Mama Perpétue alifanya kila asubuhi tangu wakati huo. Vita vilikuja vikaenda, waasi waliingia mjini wakatoka, yeye asubuhi alikuwa kwenye mkeka wake. Watu wa rika lake walitembea na fimbo. Yeye alipanda kutoka ziwani na bidoni yake mwenyewe.

Siku moja alimkuta Faida ameegemea ukuta, bidoni imemwagika miguuni, pumzi inamkataa kwa sababu tairi ya pikipiki ilipasuka barabarani. Hakumuuliza maswali. Alimkalisha, akamshika mgongo kwa kiganja, akakaa naye mpaka ikapita. Kisha akamwambia:

"Moyo yako iko muzima, walikupima. Pumzi njo ilipotea njia. Kesho asubui uje kwangu, tuirudishe nyumbani."

Faida alikwenda, Sumaya amemshika kitenge. Mlango wa Mama Perpétue ulikuwa wazi na dirisha wazi. Mbabula yake, lile jiko la makala, ilikuwa nje, mbali. Kwenye sakafu palikuwa na mkeka tu. Faida alisita mlangoni.

"Mama, mimi ni Muislamu," alisema. "Hii si sala ya watu wengine?"

"Na mimi ni Mukristu, nasali kwangu," alijibu Mama Perpétue. "Sikukuambia umuite mutu. Nakuambia unyooshe mugongo. Mugongo haina dini. Ingia."

Walianza na pumzi. Wakakaa kitako, mgongo umenyooka, mabega yamelegea. Mama Perpétue aliweka mkono wa Faida juu ya tumbo la Faida mwenyewe.

"Vuta kwa pua, pole pole, mpaka mukono huu unainuka. Sasa toa kwa mudomo, kama unapulizia Sumaya uji wa moto. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Lakini usisukume. Uji ukipulizwa kwa nguvu unamwagika."

Sumaya alipuliza pia, akamwagia mate mkono wa mama yake, wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza Faida kucheka tangu Buhene.

Kisha wakasimama. Miguu imepangana, mikono ubavuni, kichwa juu. Mama Perpétue alisema huo ni mkao wa mlima. Faida akauliza mlima gani, ule uliowafukuza? Mama Perpétue akatikisa kichwa. "Nyiragongo hapana. Wewe simama kama Mikeno. Ile ni kubwa na haina kelele."

Wakapiga magoti, mikono chini. Wakiupandisha mgongo, ni paka amekasirika. Wakiushusha, ni ng'ombe wa Masisi ameshiba. Wakakaa juu ya visigino, paji la uso likagusa mkeka, na Faida akasema mwili wake unaijua hii, ni karibu na sujudu. Mwisho wakalala chali, mikono wazi.

"Wahindi wanaiita mukao wa maiti," alisema Mama Perpétue. "Sisi hapa maiti tumeona ya kutosha. Mimi naiita shamba kisha ya mvua. Lala, maji iingie."

Alimpa na masharti. Usifanye ukiwa umetoka kula. Kitu kikiuma, acha. Kichwa kikizunguka, kaa. Mama mwenye mimba au mwenye presha aulize kwanza santre. Na mtu anayeanza asizuie pumzi kifuani, aiache iingie na kutoka. Lakini sharti alilolirudia zaidi lilikuwa hili: fanya nyumbani, mlango wazi, mbabula nje. Anayejifunza kuvuta pumzi lazima ajue anavuta nini.

Faida alifanya kila asubuhi. Haikuwa dawa ya siku moja. Siku nyingine aliishia katikati akilia, na Mama Perpétue alimwacha alie, kisha wanaendelea. Lakini polepole usingizi ulirudi. Siku moja lori la mawe lilipita, kifua kikaanza kubana, na kabla hajafikiri mdomo wake ulikuwa unapuliza uji. Lori likaenda zake. Faida alibaki amesimama mlangoni, anashangaa, kama mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake haukuungua.

Lakini mlango wazi una macho. Mbele ya parseli alikaa Séraphine, muuza makala, mama wa ulimi mkali. Aliona kila kitu, na alichoona aliuza pamoja na makala yake. Pale bombani aliwaambia wenzake kwamba Mama Sumaya amekuwa paka, kesho ataota mkia. Juzi alikuwa ng'ombe, basi awaletee maziwa. Wanawake walicheka wakashika mbavu. Faida angevumilia hayo. Lililomchoma ni la mwisho:

"Papa Sumaya akirudi ataambiwa. Kwanza bibi yake alisahau mutoto, sasa anatembea kwa magoti. Huyu si wa kumuachia mutoto."

Usiku wote maneno hayo yalimzunguka. Alfajiri alisali, akafikiri. Kuacha mazoezi hakuweza, maana ndiyo yaliyokuwa yakimponyesha. Kuonekana hakuweza, maana ndiko kungemnyima mtoto. Basi akatafuta pa kujificha. Na hapo, wewe mama unayesoma, ndipo alipofanya kosa.

Nyuma ya parseli, katika mawe ya volkano ya zamani, kulikuwa na shimo pana kama chungu. Kuta zake zilifika mabegani mwa mtu mzima. Pembeni palikuwa na kipande cha mti kilichosimama bila kibao. Kibao chenyewe, cha kuonya watu, kilikuwa kimekwenda jikoni kwa mtu, wakati wa shida ya kuni. Mle ndani hapakuwa na upepo, hapakuwa na macho. Faida alikuwa amesikia habari za mazuku huko Buhene. Walimwambia ni upepo mbaya unaotembea mashimoni usiku na kumchukua aliyelaaniwa. Basi akaona: sasa ni asubuhi, nimeshasali, sijalaaniwa. Akateremka na Sumaya.

Chini majani yalikuwa makavu, ingawa ilikuwa majira ya mvua. Sumaya alionyesha kidole.

"Mama, ndege amelala."

Faida alimwambia amwache alale. Akasimama kama Mikeno, akafumba macho. Sumaya, aliyeijua kazi yake, akalala chali: shamba kisha ya mvua.

Baada ya kitambo Faida aliinama kidogo kumtazama. Koo likamwasha, kichwa kikazunguka, moyo ukaanza kwenda mbio. Akanyooka haraka. Akadhani ni ile hofu yake ya zamani imemfuata hata hapa. Akaanza kuvuta pumzi polepole kama alivyofundishwa, na Sumaya pale miguuni akawa hajitikisi.

Huku juu, Mama Perpétue alikuwa amefungua mlango akingoja wanafunzi wake. Séraphine ndiye aliyemwambia, akicheka, kwamba paka wake ameteremka shimoni na mtoto. Mama Perpétue hakucheka. Aliacha kikombe cha chai kianguke. Mwanamke yule wa nywele nyeupe alikimbia, na Séraphine, akiona anavyokimbia, akamfuata.

Mama Perpétue hakushuka. Alisimama ukingoni, akaita kwa sauti ya chini, ngumu, isiyotetemeka.

"Faida. Usiiname bado. Inua kidevu, vuta hewa ya huku juu, jaza kifua. Sasa funga pumzi. Funga. Inama, mubebe mutoto, panda."

Siku zote alikuwa akisema pumzi isizuiwe. Mara hii moja alisema funga, na Faida hakuuliza. Alijaza kifua, akafunga. Akainama ndani ya hewa ile isiyo na rangi wala harufu, akamnyanyua mtoto aliyelegea kama kitenge kilicholowa. Kifua kiliwaka. Mwili wote ulimwambia avute. Hakuvuta. Alipanda juu ya mawe mguu kwa mguu, na pale ukingoni mikono ya Séraphine ilimshika nguo, ikamvuta nje. Ndipo alipofungua mdomo.

Walimlaza Sumaya mahali pa juu, penye upepo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Pikipiki iliwapeleka santre, wakamwekea hewa ya chupa. Faida alikaa kando ya kitanda, mkono juu ya tumbo la mtoto, akingoja mkono uinuke. Njia yote hakukimbia hovyo, hakusahau kitu. Hakuwa ameyafikiri hayo. Alikuwa anapuliza uji, anapuliza, mpaka saa mtoto alipofungua macho akauliza kama ndege ameamka.

Jioni hiyo Mama Perpétue aliwakalisha wanawake wa parseli, na Séraphine akiwemo, akawaeleza. Mazuku si shetani, wala haimtafuti aliyelaaniwa. Ni gazi, hewa ya sumu inayotoka ardhini, kwa sababu tunakaa juu ya volkano. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inatuama mashimoni kama maji. Haionekani, haina harufu. Usiku na asubuhi, upepo ukiwa umelala, shimo linajaa. Mtu mzima akisimama, kichwa chake kinaweza kuwa juu yake, na mtoto aliye miguuni akawa amezama. Ukiona majani yamekauka shimoni, ukiona ndege au mjusi amekufa bila kidonda, ondoka.

Faida alimuuliza kwa nini hakushuka kuwasaidia.

"Kwa sababu ningekuwa wa tatu," alisema Mama Perpétue. "Mazuku inaua mutu, halafu inaua ndugu anayemufuata. Ukiona mutu ameanguka mule, usiingie. Ita watu, watafute kamba. Wewe ulipona kwa sababu ulikuwa umesimama, na pumzi yako ilikuwa imeanza kukutii."

Séraphine alikuwa ametazama chini muda wote. Hakuomba msamaha, si desturi yake. Kesho yake alileta ubao kutoka kibanda chake cha makala, ubao mzuri, akaupaka rangi nyekundu, akausimamisha kwenye lile shimo. Na siku iliyofuata alikuja mlangoni kwa Mama Perpétue, akasema kiuno kinamuuma miaka mingi kwa sababu ya magunia, akauliza kama paka anasaidia kiuno. Akapewa nafasi kwenye mkeka. Baadaye wakaja wengine. Mlango ulibaki wazi, na hakukuwa na wa kucheka nje, maana wote walikuwa ndani.

Twahiru alirudi. Faida hakungoja majirani. Alimweleza mwenyewe, kuanzia paka na ng'ombe mpaka shimo. Uso wa bwana yake ulibadilika.

"Basi, sasa ni mara mbili," alisema. Akachukua mfuko, akaanza kutia nguo za Sumaya.

Nguo zilikuwa bado hazijaisha kutiwa, mlipuko ulisikika upande wa Sake. Wa pili ukawa karibu, mabati yakalia. Vita vilivyokuwa vinasemwa redioni vilikuwa vimefika. Nje watu walianza kukimbia, kila mmoja akiita jina la mtu.

Faida alisimama. Mtu angeona amechelewa, lakini alikuwa amesimama kama Mikeno. Akavuta moja kwa pua, akaitoa ndefu. Kisha akamchukua Sumaya, akamfunga mgongoni kwa kitenge, akakaza fundo. Mtoto kwanza. Halafu maji. Halafu karatasi za familia. Akamwagia mbabula maji, akatoka, akafunga kufuli mwisho, akagonga kwa Mama Perpétue kumwita. Godoro lilibaki.

Twahiru alikuwa ameshakaa kwenye lori. Ufunguo ulikuwa unagonga huku na huku, haupati tundu. Huyu mtu aliyepita barabara zote za Kivu hakuweza kuwasha gari lake. Faida alipanda na mama wa nywele nyeupe. Kutoka mgongoni, kwa sauti ya mtoto anayefundisha mtu mzima, Sumaya akasema:

"Papa, puliza uji."

Twahiru hakuelewa. Faida aliweka kiganja mgongoni mwake, kama alivyowekewa yeye, akamwonyesha. Twahiru akapuliza. Akapuliza tena. Ufunguo ukaingia.

Walilala siku kadhaa upande mwingine wa mji, kwa dada yake Faida. Kulipotulia walirudi, wakakuta nyumba imesimama na kufuli liko. Siku ya Twahiru kuondoka tena safarini, Faida alipika sambaza, akangoja aone bwana yake atachukua nini mlangoni. Alichukua koti lake na termosi yake ya chai.

Mama mwenzangu, hofu ya mji huu ni ya wote, usiione haya. Mtu akikucheka unajitibu, mwache acheke, ufanye mlango wazi. Vuta pumzi, lakini uangalie kwanza unaivutia wapi, na mtoto wako amelala wapi.

Lori lilipopinda kona, Sumaya alikuwa bado anapunga mkono, mkono wake mwingine ndani ya mkono wa mama yake. Ndani ya nyumba, ule mfuko wa nguo ulitundikwa kwenye msumari, mtupu. Baadaye Faida alianza kuutilia vitunguu.